Kusaga Meno Usiku: Hitilafu Ambayo Haikuwa Kwenye Msimbo

Najua nimepotea kitambo. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na badala yake leo nakuja na meno. Ndiyo, meno! Nivumilieni. Ndani yake kuna kompyuta, kuna programu niliyoiandika mwenyewe, na kuna kosa ambalo nisingependa mwenzangu yeyote anayekaa mbele ya skrini kutwa alirudie.

Kwa wageni: mimi ni mtengenezaji wa programu, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na tangu mwaka juzi nimerudi nyumbani Keringet, huku juu Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru. Huku ni chai, viazi, ng'ombe na ukungu. Asubuhi za Julai vidole hukataa kabisa kugusa kibodi mpaka vipashwe moto kwa kikombe cha chai. Mtandao upo, stima hukatika, maisha yanaendelea.

Mambo yalianza mwezi wa Machi mwaka huu, na yalianza na kichwa. Niliamka kila siku na maumivu kwenye vipaji, pande zote mbili, kama mtu aliyelala amevaa kofia ya kubana. Kufikia saa nne asubuhi yametoweka. Nikafanya kile ambacho mtu wa kompyuta hufanya: nikabadilisha vifaa. Nikainua skrini kwa vitabu vitatu vya chuo (hatimaye vimepata kazi). Nikabadilisha kiti. Mwezi wa Mei nikanunua miwani. Hakuna kilichosaidia, nami nikawa na miwani nisiyoihitaji.

Wakati huo jibu nilikuwa nimeshapewa, bure, na ndugu yangu mdogo. Likizo ya Aprili tulilala chumba kimoja. Asubuhi ya pili akaniambia mezani, mbele ya watu wote, "Wewe usiku unasaga mahindi. Nilidhani kuna panya anatafuna mlango." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alitoka, akarudi na kidonge cha minyoo, akasimama pale mpaka nikakimeza. Mwanamume wa miaka 28!

Msimlaumu mama. Huku kwetu, na sehemu nyingi za nchi, mtoto akisaga meno usiku watu husema ana minyoo. Baadaye nilimuuliza daktari wa meno akatabasamu. Kasema anaisikia kila wiki. Watoto wengi husaga meno, na wengi wao huacha wenyewe wakiendelea kukua. Minyoo itibiwe kwa sababu ni minyoo, lakini usitegemee kidonge chake kinyamazishe meno.

Basi, tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mapema Juni, chakula cha jioni. Nilikuwa nakula ugali na mboga. Sikiliza vizuri: ugali! Si mfupa, si mahindi ya kuchoma, si kufungua soda kwa meno. Nikasikia mlio mdogo, kama changarawe, na kipande cha gego la chini upande wa kushoto kikabaki juu ya ulimi wangu. Nikakitoa, nikakiangalia. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, cheupe nje na cha manjano ndani.

Kesho yake nikaenda kwenye kliniki moja katika mji wa karibu. Dakika tano hazikuisha, nikaambiwa, "Hili tunang'oa." Sindano ilikuwa tayari. Sijui ni nini kilinipa ujasiri, lakini niliuliza, "Na kama sababu ya kuvunjika bado ipo, je, nitarudi mwaka ujao mng'oe la pili?" Hakuna aliyenijibu. Nikashuka kwenye kiti.

Siku mbili baadaye nikapanda matatu kwenda Nakuru mjini, kupitia Molo, Elburgon na Njoro, shavu nikilishikilia kwenye kila matuta. Daktari niliyempata huko alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakuanza na jino. Kwanza alibonyeza mashavu yangu, hapa panapovimba mtu akikaza taya, kisha akabonyeza vipaji. Niliruka. "Misuli yako imechoka," akasema. "Inafanya kazi ya usiku."

Kisha akanipa kioo na kunionyesha. Ncha za meno yangu ya pembeni, zile ambazo zinatakiwa kuchongoka, zilikuwa bapa. Kwenye magego kulikuwa na viwanja vinavyong'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Ukingo wa ulimi ulikuwa na alama za meno.

Akaniambia kitu ambacho nimekikumbuka sana. Bonde letu la Ufa lina maji ya visima yenye floraidi nyingi, hasa chini huko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hupita hapo kwa mbali. Ndiyo maana watu wengi waliokulia maeneo ya Nakuru wana meno ya kahawia, na ndiyo maana Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtoto akinywa maji hayo meno yakiwa bado yanaumbika, na floraidi ikiwa nyingi mno, gamba la jino hutoka na vitundu vidogo vidogo na kumeguka kwa urahisi. "Kila siku naona watu wanaoaibika kwa meno ya kahawia," akasema, "na mengine ni imara kuliko yako. Yako ni meupe, yanapendeza kwa picha, na unayamaliza mwenyewe."

Hapa nieleze kidogo jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi, kwa sababu mimi nilikuwa sijui.

Jino lina gamba la nje liitwalo enameli. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kinashinda mfupa. Lakini kina kasoro moja kubwa: chembe hai zilizokiumba hufa jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, enameli ikisagika haioti tena. Kwa lugha yetu, ni faili isiyo na nakala ya akiba. Chini yake kuna dentini, laini zaidi na ya manjano. Ile rangi niliyoiona kwenye kipande changu ndiyo hiyo. Enameli ikiisha, dentini huliwa haraka zaidi.

Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa yagusane kutwa. Mtu akiwa ametulia, midomo imefungwa, kunatakiwa kuwe na nafasi ndogo kati ya meno. Hugusana unapotafuna na unapomeza, basi. Jaribu sasa hivi unaposoma: meno yako yako wapi? ... Ee, najua. Hata mimi nilishtuka.

Tena kuna kusaga kwa aina mbili, na wataalamu siku hizi huzitenganisha. Ipo ya usingizini na ipo ya mchana. Ya mchana mara nyingi si kusaga bali ni kukaza tu, taya limebanwa mtu akiwaza, akiendesha gari, akisaka hitilafu kwenye msimbo. Ya usingizini hutokea ubongo unapoamka kidogo sana bila mwenyewe kujua. Moyo huongeza kasi kwa muda mfupi, kisha misuli ya taya huanza kujikunja, kama mara moja kwa sekunde, mwendo uleule wa kutafuna. Usiku mtu hana breki ya kumwambia "polepole, utajiumiza."

Sababu si moja. Msongo wa mawazo umo, kafeini imo, pombe imo, sigara imo. Baadhi ya dawa za kutibu huzuni huweza kuichochea. Pia huonekana kwa watu wenye asidi inayopanda kooni, na kwa wale ambao pumzi yao hukatika usingizini. Kwa hiyo daktari aliniuliza kama nakoroma sana, kama nashtuka usiku nikitafuta hewa, kama nasinzia mchana. Nikasema hapana. Nikaulizwa kuhusu chai. Nikanyamaza. Mtu wa Keringet uulizwe kuhusu chai! Nilikuwa nakunywa thermosi nzima kati ya saa mbili na saa sita usiku.

Swali la mwisho lilikuwa, "Na kazi je?"

"Kazi iko sawa," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Nitaurudia.

Mpango wake ulikuwa hivi. Siku ile angeziba jino kwa muda. Baadaye lingevishwa taji, kofia ya kulifunika lote ili lisipasuke zaidi. Mwisho kabisa, taji likishakaa, ningetengenezewa kinga ya usiku. Utaratibu huo una maana, kwa sababu kinga hupimwa juu ya meno yalivyo. Ukibadilisha jino baada ya kinga, kinga haikai. Taji elfu 30, kinga elfu 15. Akasisitiza jambo moja: "Kinga haitakuzuia kusaga. Itasagwa yenyewe badala ya meno. Ni kama gurudumu la akiba." Nilimpenda kwa ukweli huo.

Nikarudi nyumbani nikiwa na jino lililozibwa na swali la kihandisi: nasaga kiasi gani? Usiloweza kulipima huwezi kujua kama limepungua.

Nikachukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikaiweka kando ya mto irekodi sauti usiku kucha. Asubuhi faili inahamia kwenye kompyuta, na programu fupi niliyoiandika kwa Python inaipitia. Wazo ni rahisi. Maabara za usingizi, zinapopima kwa nyaya juu ya misuli, huhesabu tukio moja pale misuli inapojikunja mara 3 au zaidi mfululizo, kila mkunjo kati ya robo sekunde na sekunde 2. Mimi sina nyaya, nina kipaza sauti tu, kwa hiyo nilitafuta milio 3 au zaidi inayofuatana kwa mwendo huo, yenye sauti ya juu kuliko kizingiti fulani.

Usiku wa kwanza programu iliniambia nimesaga meno mara 2,114. Nikataka kulia. Kumbe ilikuwa mvua juu ya mabati! Usiku wa pili ikahesabu ng'ombe anayecheua nje ya dirisha. Nacheka sasa, lakini nadhani ndiye mnyama pekee aliyestahili kuhesabiwa, maana mwendo wake ni uleule. Nikachuja masafa ya chini, nikatupa usiku wote wa mvua kubwa, na kila asubuhi nikasikiliza kwa masikio yangu vipande vichache ili kuhakiki.

Kusikiliza mwenyewe unavyosaga meno, ndugu zangu, si jambo la kufurahisha. Ni sauti ya jiwe juu ya jiwe. Nilielewa kwa nini Biblia imeweka kusaga meno upande ule ilikokuweka.

Wiki mbili za kwanza zilinipa wastani wa matukio 34 kwa usiku. Nikaacha chai baada ya saa kumi jioni, kwa kuwa kafeini huchukua kama saa tano hivi kupungua nusu mwilini. Ikashuka kidogo, 29. Nikaweka programu nyingine kwenye kompyuta, inayotoa kidirisha kidogo kila baada ya dakika 20: "Meno?" Mara 9 kati ya 10 kidirisha kilinikuta nimekaza taya. Mchana, nimekaa, sijashikwa na lolote! Hapo ndipo nilipokubali kwamba tatizo halikuwa la usiku tu.

Sasa ule uongo.

Mkataba wangu ulikatishwa Februari. Kampuni ya ng'ambo niliyoifanyia kazi ilinitumia barua pepe ya mistari minne, na kesho yake akaunti zangu zikafungwa. Sikumwambia mtu. Baba yangu aliuza viazi miaka minne mfululizo ili nisome kompyuta, na kuna ng'ombe wawili ninaowakumbuka kwa majina ambao waligeuka karo. Ningemwambia nini? Kwa hiyo kila asubuhi niliketi mbele ya skrini kama kawaida. Nilituma maombi ya kazi, niliandika vijiprogramu visivyo na mteja, nilibonyeza kibodi kwa sauti ili wasikie kuwa nafanya kazi. Akiba ikawa inaisha. Miezi mitano! Tazama tena nilipoanza kuumwa na kichwa: Machi.

Lile jino ndilo lililonilazimisha. Elfu 45 sikuwa nazo. Nilipiga hesabu za kila namna, hata za mkopo wa simu. Mwishowe Julai, viazi vikichimbwa, nikamfuata baba shambani. Alikuwa anashona mdomo wa gunia.

"Baba, nahitaji pesa za jino."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia. Akaendelea kushona. Kisha, bila kuinua kichwa, "Na kazi iliisha lini?"

Nilibaki nimesimama. Nikamuuliza amejuaje.

"Weri, mtu mwenye kazi huwa anailalamikia. Mwaka jana ulilalamika kila jioni: mara mteja huyu, mara mkubwa yule. Tangu Februari hujalalamika hata siku moja. Nikasema, huyu anabeba kitu." Akakata uzi. "Ijumaa lori linakuja. Nenda utengeneze jino. Kisha utashika upande huu wa gunia, maana mgongo wangu umechoka."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Nilishika gunia.

Jioni ile alinikumbusha habari ya babu, aliyekuwa na pengo la meno mawili ya mbele chini. Wazee wetu Wakalenjin walikuwa wakiyang'oa kwa vijana, na maelezo tuliyopewa ni kwamba ugonjwa wa pepopunda ukija na taya likijifunga, mtu apate pa kupitishiwa maziwa. Baba akasema, "Wao waliacha mlango wazi mapema. Wewe ulifunga taya bila ugonjwa wowote." Sijui kama alikusudia kuwa fundi wa maneno. Alikuwa anakunywa mursik yake tu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu takwimu, kwa sababu hii si tovuti ya kuuza dawa. Wiki mbili baada ya siku ile, kabla ya taji na kabla ya kinga, wastani ulishuka hadi 19. Nilipovaa kinga ilibidi nibadilishe kizingiti, maana sauti ya plastiki si sauti ya jino, na wastani ukawa 17. Yaani kinga yenyewe haikupunguza sana, kama daktari alivyosema. Lakini huyo ni mtu mmoja, simu moja mbovu, na mambo mengi yaliyobadilika kwa wakati mmoja. Tena kipaza sauti hakisikii kukaza kwa kimya. Haikufika sifuri, na sidhani itafika. Maumivu ya kichwa, hata hivyo, yameisha. Miwani nimeiweka kabatini.

Kwa wanaotaka mambo ya kufanya, haya ndiyo niliyobaki nayo:

1. Ukiamka na maumivu ya vipaji au taya lililochoka, muulize anayelala karibu nawe kama anasikia kitu. Usianze kwa kununua miwani.

2. Nenda kwa daktari wa meno kabla jino halijavunjika. Magamba yanayong'aa na ncha zilizosawazishwa yeye huyaona kwa dakika moja. Ukiambiwa "tung'oe" kabla ya kuulizwa swali lolote, una haki ya kuuliza wewe.

3. Kinga ipimwe kinywani mwako. Ya kwangu ilianza na ukungo wa meno, kisha sanamu ya plasta, kisha akriliki ngumu. Zile laini za kuchemsha na kuuma ni za michezo. Baadhi ya watu huzitafuna zaidi. Ioshe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kwani maji ya moto huipinda. Irudishe kwa daktari aikague.

4. Mchana: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia. Weka kikumbusho. Programu yangu ni mistari 12, nitaitoa kama programu huria mara nikiiosha uso.

5. Punguza chai na kahawa jioni, pia pombe na sigara. Ukikoroma na kushtuka ukitafuta hewa, hilo ni la hospitali, si la meno peke yake.

6. Baada ya kitu kichachu usipige mswaki papo hapo, asidi huilainisha enameli. Suuza kwa maji, subiri kama nusu saa. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi ya kiasi.

7. Kama unatumia dawa za hospitali na ulianza kusaga baada yake, mwambie daktari aliyekuandikia. Usiziache mwenyewe.

La nane siliandiki kama ushauri, maana mimi si mtu wa kumshauri yeyote kuhusu siri. Nasema tu kwamba kwenye chati yangu mteremko mkubwa kuliko wote umeanzia siku moja ya Julai, na siku hiyo sikumeza kitu wala kuvaa kitu.

Kazi? Nimepata kijikazi cha kutengeneza mfumo wa hesabu za maziwa kwa chama cha wafugaji, si pesa nyingi, na mwenyekiti wao hubadilisha mawazo kila Jumatatu. Jana jioni nilimlalamikia baba kwa nusu saa nzima. Alitikisa kichwa, akaniongezea chai. Nikamkumbusha kwamba ni saa moja usiku, sinywi. Akaimimina kwenye kikombe chake.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, naapa. Tuonane.